Barabara Isiyokaririka

Sandro Munari alifariki mwishoni mwa Februari 2025 akiwa na miaka 84. Kwa wasiomjua, alikuwa dereva wa mbio za magari, Mwitaliano, mzaliwa wa Cavarzere, mji mdogo wa wakulima kaskazini mwa Italia. Kwao walimwita Drago, yaani dragoni. Taarifa za msiba wake nilizozisoma zote zilikwenda kwa mtindo mmoja: orodha. Monte Carlo alishinda 1972, akashinda tena 1975, 1976 na 1977. Targa Florio ya Sicilia alishinda 1972, akipokezana usukani wa Ferrari na Arturo Merzario. Bingwa wa Ulaya 1973. Kombe la FIA la Madereva 1977, lilipotolewa kwa mara ya kwanza, miaka miwili kabla ya kuanza ubingwa rasmi wa dunia wa madereva. Ukisoma orodha hiyo unaona maisha yaliyonyooka kama reli.

Mimi nimekwama kwenye mistari mitatu ambayo kwenye orodha nyingi huwekwa chini kabisa, kama ikiwekwa. Safari Rally: wa tatu 1974, wa pili 1975, wa tatu 1977. Mtu aliyeshinda Monte Carlo mara nne alikuja huku kwetu Afrika Mashariki akiwa na gari bora kuliko yote ya zama zake, na hakuwahi kuishinda Safari. Nasema mistari hiyo mitatu inatueleza zaidi kuhusu Munari kuliko ushindi wake wote. Na kwa kuwa hapa ni mahali pa watu wa vitabu, nitasema pia kwamba inatueleza jambo kuhusu kusoma.

Tuanze na Monte Carlo. Ni mbio za Januari, za milimani, usiku, kwenye barabara nyembamba za lami zenye theluji na barafu. Ni hatari, usifanye mchezo. Lakini ni barabara ambayo mtu anaweza kuijua. Timu inakwenda kabla ya mbio, dereva anapita kila kona, na mwelekezi anayekaa pembeni yake anaandika daftari: kona ya kulia, kali, usikate ndani, kuna jiwe. Siku ya mbio mwelekezi anamsomea dereva daftari hilo kwa sauti, na dereva anaendesha kile anachokisikia kabla hajakiona. Siku hiyohiyo kunakuwa na watu wengine waliotangulia saa chache mbele, kazi yao kuangalia tu barafu imelala wapi, wakarudi kusahihisha daftari. Mlima ni uleule, kona ni zilezile, mwaka hadi mwaka. Mwenye kipaji, akili tulivu na daftari zuri anaweza kushinda mara tatu mfululizo, na Munari alifanya hivyo.

Safari ya miaka ile ilikuwa kitu kingine. Ilianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia 1974 ikabaki ndani ya Kenya peke yake. Ilifanyika Pasaka, wakati mvua za masika zinaanza. Ilikuwa maelfu ya kilomita, mchana na usiku, na barabara haikufungwa: ulikutana na basi, ng'ombe, mama mwenye kuni, twiga. Hapakuwa na hatua fupi za kupimana mbio kama siku hizi. Kulikuwa na kituo na kituo, na muda wa kufika. Ukichelewa dakika, unahesabiwa dakika. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi.

Wazungu wa timu kubwa hawakuja kichwakichwa. Walifika wiki kadhaa kabla, wakapita njia yote, wakaandika madaftari yao kama walivyozoea. Halafu usiku mmoja mvua inanyesha, na daftari lote linageuka kuwa hadithi ya barabara iliyokuwepo jana. Palipoandikwa "nyoosha, gia ya juu" pamekuwa mto. Palipoandikwa "daraja" hapana daraja. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Na miaka yote miwili, sikiliza hili, walioshinda ni watu walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakazi wa Kenya, kwenye Peugeot 404. Balaa lilelile mara mbili, na watu walewale wakatoka nalo salama. Hiyo huwezi kuiita bahati.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu bila nyumbani nisingekuwa na la kusema kuhusu Munari.

Mimi ni mtu wa Inyonga, wilaya ya Mlele, mkoa wa Katavi. Ukitazama ramani utaona Inyonga imekaa katikati ya msitu wa miombo kama kitu kilichodondoka. Kwa kiasi fulani ni kweli: Waingereza waliwakusanya hapo Wakonongo waliokuwa wametawanyika porini, katika miaka ya 1920, kwa sababu ya malale. Ndorobo, yaani mbung'o, walikuwa wengi na bado wapo. Kwa hiyo sisi ni mji uliozaliwa ukiwa mbali. Tuna asali, tuna tumbaku, tuna mahindi, na kila kimoja cha hivyo hakina bei mpaka kipate lori. Kwa miaka mingi lori hilo lilipita barabara ya udongo ya Tabora, kupitia Sikonge na Ipole, kuvuka mto Koga, ndipo ufike Inyonga na uendelee Mpanda.

Mjomba wangu aliendesha lori kwenye barabara hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Kiangazi alibeba marobota ya tumbaku kwenda Tabora. Msimu wa mvua alileta mbolea, sukari, sabuni, chumvi na bati. Ukutani sebuleni kwake kulikuwa na picha iliyokatwa kwenye gazeti la zamani aliloletewa na dereva mwenzake aliyetoka Kenya: Lancia Stratos ikitoka kwenye tope, mabomba ya chuma mbele, taa kubwa nne, tairi za akiba zimefungwa mgongoni. Mjomba aliiita kobe wa Mtaliano.

Stratos ni gari la ajabu hata leo. Injini ya Ferrari, silinda sita, imewekwa nyuma ya viti. Kimo chake hakifiki mita 1.2, mtu mzima akisimama kando yake paa linamfika kiunoni au juu kidogo. Ni fupi, pana, na kioo chake cha mbele kimepinda kama cha kofia ya chuma. Iliundwa kwa kazi moja, kushinda mbio, na iliipa Lancia ubingwa wa dunia wa watengenezaji 1974, 1975 na 1976. Na mwaka 1975, kwenye Safari, ikiwa na Munari ndani, ilishindwa na Peugeot 504 ya Ove Andersson. Peugeot 504! Gari ambalo wengi wetu tumelijua kama teksi ya mchomoko au pikapu ya kubebea nyanya. Stratos zikashika nafasi ya pili na ya tatu, Munari na Björn Waldegård.

Mjomba alipenda sana habari hiyo. Nilipokuwa sekondari nilimwuliza kwa nini abandike picha ya gari lililoshindwa. Akanijibu, "Mwanangu, yule Mtaliano alikuwa wa pili. Wa pili kwenye barabara ile ni mtu." Akanyamaza, kisha akaongeza, "Tatizo la lile gari, halijui kuomba njia."

Miaka mingi nililichukua neno hilo kama utani wa madereva. Nimelielewa mwaka huu, na nimelielewa kwa sababu ya kazi niliyopewa kwenye msiba wake.

Mjomba alifariki wiki mbili baada ya Munari. Kwenye familia mimi ndiye ninayejulikana kuwa "anaandika andika", basi nikaambiwa, wasifu wa marehemu ni wa kwako. Kila msomaji wa Tanzania anaujua wasifu wa marehemu. Una umbo lake kama shairi lilivyo na lake: alizaliwa lini na wapi, mtoto wa ngapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliugua lini, ameacha mke, watoto na wajukuu wangapi, Bwana alitoa. Nilijaza nafasi zote upesi. Nilipofika kwenye kazi nikaandika: "Marehemu alikuwa dereva." Nikatazama. Miaka thelathini na ushee, maneno matatu.

Na hakuwa na orodha ya kuongezea. Munari ana Monte Carlo nne. Mjomba hakuwa na kikombe, hakuwa na cheti, hata barua ya shukrani kutoka kwa waliomwajiri sikuipata kwenye sanduku lake. Mtu akifanya kazi yake vizuri barabarani, kinachotokea ni kwamba hakuna kinachotokea. Mzigo umefika. Nani ataandika kwamba mzigo umefika?

Nikaenda kumtafuta utingo wake. Ni mzee sasa, anaishi na binti yake upande wa pili wa mji. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Nilimwomba aniambie jambo moja tu la kuandika. Akakaa kimya kidogo akiangalia mvua, halafu akaanza na swali: "Unajua mbuga?"

Kwa wasomaji wa mbali: huku kwetu mbuga si lazima iwe hifadhi ya wanyama. Ni bonde la udongo mweusi, wazi, halina miti mikubwa. Kiangazi unapasuka nyufa unazoweza kutumbukiza mkono. Mvua ikija unavimba, unanata, gari likiingia linashikwa kama panzi kwenye asali. Barabara ya zamani ilipita mbuga baada ya mbuga. Mzee akanieleza kwamba mjomba akifika kwenye ukingo wa mbuga alikuwa anazima injini. Kila mara. Anashuka, anavua viatu, anatembea. Anakanyaga, anasikiliza mguu. Anaangalia majani yamelalia wapi. Anaangalia kama kuna nyayo za ng'ombe na zimezama kiasi gani, maana ng'ombe haendi mahali asipopaamini. Anatazama alama za tairi za aliyetangulia, na hazifuati: aliyetangulia ndiye ameshaivunja ngozi ya juu ya udongo, kwa hiyo njia yake ndiyo mbovu kuliko zote. Kama kuna mtu anapita kwa baiskeli, anamsalimu vizuri, anamwuliza habari za nyumbani, ndipo anamwuliza habari za mbele. Utingo anakata matawi. Wakishakubaliana, mjomba anarudi kwenye usukani na anaendesha polepole, gia moja, bila kubadili, bila kukanyaga breki, mpaka ng'ambo.

"Alikuwa anaipita njia ile mara mbili kwa wiki," mzee akasema, "na kila siku anashuka kama mgeni."

Hapo ndipo nikakumbuka: halijui kuomba njia.

Shule zetu zimetufundisha kukariri, na neno hilo tunalitumia kwa dharau siku hizi, lakini kukariri ni elimu halisi. Hafidh anakariri. Dereva wa Monte Carlo anakariri, na anakwenda kasi ambayo mimi na wewe tungekufa. Ila kukariri kunahitaji kitu kimoja: maandishi yasibadilike. Kusoma ni tofauti. Msomaji anakutana na ukurasa ambao hajauona, au ambao ameuona jana lakini leo umeandikwa upya, na hana budi kuanza na herufi ya kwanza. Safari ya zamani ilikuwa mtihani wa kusoma waliopewa mabingwa wa kukariri. Waliofaulu zaidi ni wale ambao barabara za namna hiyo zilikuwa za kwenda kazini na sokoni.

Hesabu mwenyewe. Tangu 1953 hapakuwa na dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda Safari mpaka Hannu Mikkola wa Finland alipokuja na Ford Escort mwaka 1972. Baada ya hapo, kati ya 1973 na 1982, mara saba kati ya kumi ushindi ulibaki kwa wakazi wa hapa, na hao saba ni watu wawili tu. Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho, alishinda 1974 na 1976, juu ya ushindi wake wa 1965. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya Idi Amin alipowafukuza Waasia, alishinda 1973, kisha mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Sisi Watanzania tusijisahau: Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania ingawa Waingereza kwa asili, walishinda 1966 na 1967 na Peugeot 404.

Ndiyo maana namheshimu Munari. Angeweza kusema, kama walivyosema wengi, kwamba Safari ni bahati nasibu ya matope, akabaki kwenye milima anayoijua. Alirudi. Na alipokuja 1974 alifanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko makombe yake: pembeni yake alikaa Lofty Drews, mwelekezi wa Kenya, yuleyule aliyekaa na Mehta kwenye ushindi wa 1973. Bingwa wa Ulaya alikubali kusomewa na mwenyeji. Mwaka huo mvua ilikuwa kubwa, Stratos ilikuwa bado, wakaenda na Fulvia, gari dogo la injini ya lita 1.6 ambalo umri ulishaanza kulipita. Wakawa wa tatu, nyuma ya Joginder na Waldegård. Mwaka uliofuata, na Stratos, wakawa wa pili. Sisemi Drews ndiye siri yote; 1977 Munari alikuja na mwelekezi mwingine akawa wa tatu. Nasema tu kwamba mtu wa kimo chake alijua kuna kitu hakijui, akamwomba anayejua akae karibu.

Na kumwamini mtu wa pembeni hakukuwa jambo jepesi kwake. Mwaka 1968, akiwa njiani kuelekea Monte Carlo kupitia Yugoslavia, alipata ajali kubwa. Munari aliumia vibaya. Mwelekezi wake, Luciano Lombardini, alifariki. Munari alikuwa hajafikisha miaka 28. Ushindi wote ule wa kwenye orodha, kuanzia 1972, ulikuja baada ya hapo. Kila mara alipofunga mkanda, kulia au kushoto kwake palikuwa na sauti nyingine inayosoma, na yeye anajua kwamba sauti hiyo hunyamaza. Orodha haina nafasi ya kuandika hilo.

Nilirudi nyumbani kutoka kwa yule mzee nikafuta "Marehemu alikuwa dereva." Niliandika kwamba marehemu aliendesha lori kati ya Inyonga na Tabora kwa zaidi ya miaka thelathini, kiangazi na masika. Nikaandika kwamba mvua za El Niño zilipokata njia, yeye na utingo wake walikaa siku kumi na moja ng'ambo ya Koga wakilinda mzigo wa watu, na hakikupotea hata kiroba kimoja cha chumvi. Nikaandika kwamba alikuwa akishuka na kuvua viatu kwenye kila mbuga. Nikaandika jina la utingo. Shangazi yangu alipopitia alisema, "Haya ya viatu ni ya nini kwenye wasifu? Watu watacheka." Tukabishana. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa familia, akasema yaachwe.

Watu walicheka kweli, madereva hasa, kile kicheko cha msibani cha mtu aliyetambuliwa. Kisha kundi lote la wazee waliokuwa wamesimama nyuma, chini ya turubai, wakanyamaza, na nikaona kadhaa wanatazama miguu yao.

Sitaki mtu anielewe kwamba naililia barabara ya tope. Sasa Tabora na Mpanda zimeunganishwa kwa lami, na mimi ni wa kwanza kushukuru. Safari iliyokuwa ikimchukua mjomba siku mbili, siku nne, wiki, sasa ni ya saa chache. Mama mwenye uchungu wa uzazi hahitaji falsafa ya mbuga. Anahitaji gari lipite. Tumbaku ikilala njiani inalowa, na ikilowa ni ada ya shule ya mtoto wa mtu imelowa. Hata Waitaliano hawakubaki kwenye huzuni ya kushindwa: mwaka 1988 Miki Biasion na Tiziano Siviero walikuja na Lancia Delta Integrale, magurudumu yote manne yanavuta, wakawa Waitaliano wa kwanza kushinda Safari. Wakarudia 1989. Kampuni ileile, baada ya miaka mingi ya nafasi ya pili na ya tatu, ikapata jibu la fundi kwa swali la barabara. Ni jibu zuri. Lami nayo ni jibu la namna hiyo.

Ninachosema ni kuhusu kumbukumbu. Barabara mbovu ilikuwa imefundisha kizazi kizima cha watu namna ya kusoma ardhi, na elimu hiyo ilikaa miguuni mwao, haikuandikwa popote. Lami ikifika elimu hiyo inaacha kutumika kwa siku moja, na wenyewe wanaanza kufa mmoja mmoja wakiwa na maneno matatu kwenye wasifu. Dereva kijana wa leo anapita pale ilipokuwa mbuga kwa kilomita 100 kwa saa na hajui kwamba kuna mtu alipatembea peku mara elfu. Si kosa lake. Hakuna aliyemsomea.

Sisi wenye kupenda vitabu tuna tabia ya kutafuta maisha ya watu mahali yalipoandikwa tayari: wasanii, wanasiasa, wapigania uhuru, na siku hizi wanamichezo. Hata huko tunaridhika na orodha ya ushindi, kama vile mtu ni jumla ya siku alizowatangulia wenzake. Lakini siku anayoshinda mtu anakuwa anafanya anachokijua. Ukitaka kuona amejengwaje, tazama mahali ambapo alichokijua hakikumtosha, na bado akafika, amechelewa, ana tope mpaka kwenye paa, wa pili au wa tatu, na mwaka unaofuata akarudi.

Kwa hiyo nina ombi dogo. Kama kwenu kuna dereva mstaafu, au utingo, au fundi wa springi aliyelala chini ya malori usiku kucha porini, usimwulize aliendesha gari gani wala alifika miji gani. Mwulize ni barabara ipi ilimshinda, na siku aliyoipita aliipitaje. Halafu andika, hata kwenye simu. Ukipata jina la aliyekuwa amekaa pembeni yake, liandike na hilo.